Homa si Mafua, na Pua Iliyoziba Haifunguliwi kwa Vidonge

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba ninaokusudia kuuzungumzia katika kurasa za jarida letu ni mdogo mno, hivi kwamba baadhi ya wasomaji wataona ajabu umepewa nafasi miongoni mwa makala za fasihi na isimu. Nazungumzia pua iliyoziba. Naam, pua: ya mwanafunzi aliyekesha maktabani katika baridi ya Julai, ya mhadhiri anayefundisha kwa sauti ya kukwama, ya mtoto mchanga anayeliacha titi la mamaye kila baada ya fundo moja kwa kuwa hawezi kunyonya na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Wataalamu hukadiria kuwa mtu mzima hupatwa na mafua mara 2 hadi 3 kwa mwaka, na mtoto mdogo mara nyingi zaidi. Ni maradhi ya kila mtu, na pengine ndiyo sababu yamekosa mtu wa kuyasemea.

Hoja zangu ni mbili, nazo zimeshikamana kama chanda na pete. Ya kwanza ni kwamba mengi tunayoyafanya ili kuizibua pua hayaizibui, na baadhi yake yanatudhuru. Ya pili ni kwamba sehemu kubwa ya dhara hilo huanzia katika lugha: katika jina tunaloupa ugonjwa, na katika ukimya wa Kiswahili pale dawa inapouzwa na kununuliwa. Hoja ya kwanza ni ya waganga. Hii ya pili ni yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, na hatuna wa kumsukumia.

Tuanze na jina. Hapa nchini Kenya, mtu aliyebanwa na makamasi, anayepiga chafya na kuwashwa koo, kwa kawaida hasemi kwamba ana mafua. Husema kwamba ana homa. Ilhali kamusi zetu, kuanzia ile ya Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981, zinalihusisha neno homa na kupanda kwa joto la mwili. Hata huko lilikotoka, katika Kiarabu, neno hilo lina maana iyo hiyo. Ukitaka ushahidi zaidi, yatazame majina ya maradhi mengine: homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo, homa ya Bonde la Ufa. Katika yote hayo, homa ni joto; si kamasi. Mtanzania akisikia kwamba una homa, atakuwekea kiganja kwenye paji la uso. Mkenya wa Nairobi atakupa leso.

Msomaji aweza kuuliza, pana hasara gani? Lugha ni ya wanaoizungumza, na maana za maneno hubadilika. Nakubali. Lakini mfikirie mtu anayeingia katika duka la dawa baada ya kurejea kutoka kando ya Ziwa Viktoria, eneo ambalo malaria bado ni nyingi. Anasema, "Nina homa." Maana yake ni kwamba mwili unamwaka na viungo vinamuuma. Muuzaji, aliyezoea homa ya makamasi, anamkabidhi vidonge vya mafua. Malaria yenyewe inabaki mwilini ikiendelea na kazi yake. Sasa ugeuze mfano huo: aliyezibwa pua tu anasema ana homa, na anayemsikiliza, akiwa amelelewa katika Kiswahili cha kamusi, anampa dawa za malaria bila kumpima. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, lakini kipimo huombwa na anayejua la kuuliza. Neno moja lililobeba maana mbili limetosha kuwapoteza njia watu wawili.

Tukishalijua jina, tuijue na kazi. Wengi wetu huamini kwamba pua huziba kwa sababu imejaa makamasi, kama vile mfereji uliojaa takataka. Kwa hiyo tunapenga kwa nguvu zetu zote hadi masikio yanapiga mbinja. Ukweli ni kwamba kizuizi kikubwa hasa ni uvimbe. Ndani ya pua mna mifupa myembamba iliyojipinda, nayo imefunikwa kwa utando laini wenye mishipa mingi ya damu. Kazi ya utando huo ni kuipasha hewa joto, kuitia unyevu na kuisafisha kabla haijafika mapafuni. Virusi vya mafua vinapouvamia, na virusi hivyo ni vya aina zaidi ya 200, mwili hujihami kwa kuzidisha damu mahali pale. Mishipa hutanuka, utando hufura, na njia ya hewa hubakia ujia mwembamba. Makamasi huja kuongezea tu. Ndiyo maana unaweza kupenga leso tatu zikalowa na bado usipate pumzi: kamasi hupengwa, uvimbe haupengwi. Na ndiyo maana pua huziba zaidi usiku, kwa kuwa ulalapo chali damu hujikusanya kichwani kwa wingi zaidi kuliko usimamapo.

Jambo jingine huwatia watu hofu bure. Mara mwanzi wa kulia umeziba, mara wa kushoto, na mgonjwa hudhani maradhi yanahama. La hasha. Hata katika afya njema, mianzi miwili ya pua hupokezana zamu. Mmoja hupitisha hewa zaidi huku mwenziwe akipumzika, kisha baada ya saa kadhaa hubadilishana. Hatuitambui zamu hiyo siku za kawaida. Mafua yanapokuja, yule anayepumzika hufunga kabisa. Vivyo hivyo rangi ya kamasi. Kamasi iliyoanza kama maji ikageuka njano au kijani haithibitishi kwamba bakteria wameingia. Rangi hiyo hutokana na chembe nyeupe za damu zilizokuja kupambana. Mara nyingi huwa ni alama ya vita vinavyoendelea.

Maadamu tumeuelewa uvimbe, na tuzipime dawa zetu moja baada ya nyingine. Nitaanza na zile tunazozionea fahari, zile za nyumbani.

Kujifukiza kuna historia ndefu katika jamii zetu. Chungu cha maji yanayochemka, majani ya mkaratusi au ya mwarobaini au mchaichai, blanketi zito, na mgonjwa anajiinamia. Wakati wa janga la Korona, kuanzia mwaka 2020, desturi hii ilivuma mno, hasa nchini Tanzania ambako nyungu ilisifiwa hadharani na viongozi wa taifa. Sitaki kuwakejeli wazee wetu. Mvuke huleta faraja, hulainisha makamasi yaliyoganda, na mtu hujihisi amepata nafuu kwa muda. Lakini mvuke hauui virusi, na tafiti zilizoupima dhidi ya mafua hazikuafikiana kwamba unamponya mgonjwa mapema. Kwa upande wa pili wa mizani kuna sufuria ya maji moto juu ya stuli, na mtoto chini ya blanketi. Watoto wameungua usoni, kifuani na mapajani kwa ajili ya kutibu maradhi ambayo yangejiondokea yenyewe. Msimamo wangu ni kwamba mtu mzima anayetaka mvuke na autafute katika maji ya moto ya kuogea au katika kikombe cha chai, na mtoto asiinamishwe kamwe juu ya sufuria. Huko si kuuacha utamaduni. Ni kuutunza ili usituulie watoto.

Na hiyo mikaratusi yenyewe, ambayo leo tunaiita mitishamba yetu, asili yake ni Australia. Ilianza kupandwa nchini mwetu mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuipatia kuni reli ya Uganda. Harufu yake, kama ile ya mafuta ya mentholi tunayojipaka kifuani na chini ya pua, hutufanya tuhisi kwamba pua imefunguka. Nasema tuhisi kwa sababu vipimo vya hewa inayopita puani havionyeshi mabadiliko makubwa. Mentholi huigusa mishipa ile ile ya fahamu inayotambua baridi, na ubongo huafiki kwamba hewa baridi inapita tele. Utafiti wa vihisio hivyo vya joto na baridi ulikuwa sehemu ya kazi iliyowapatia David Julius na Ardem Patapoutian Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Hakuna ubaya mtu kudanganywa na pua yake ili apate usingizi, ila ajue kwamba ni hadaa tamu. Pia, mafuta hayo yasipakwe puani wala karibu na pua ya mtoto mchanga, kwani yaweza kumtatiza pumzi.

Chai ya tangawizi, ndimu na asali nayo? Hapa nina habari njema. Mnamo mwaka 2008, watafiti wa chuo kikuu cha Cardiff nchini Wales walichapisha matokeo ya jaribio walilowapa wagonjwa wa mafua kinywaji cha matunda, wengine cha moto na wengine cha vuguvugu la chumbani. Kipimo cha hewa puani hakikubadilika, lakini waliokunywa cha moto walisema wamepata nafuu ya chafya, kikohozi, koo, baridi na uchovu. Basi bibi zetu hawakukosea walipoinjika birika. Nyongeza ni moja tu: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, kwa kuwa yaweza kubeba vijidudu vinavyozaa sumu hatari katika utumbo wake mchanga.

Sasa tuingie dukani, kwa maana huko ndiko fedha zetu zinakokwenda. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo; na katika bahari ya dawa za mafua, papa avumaye ni kidonge chenye rangi mbili kinachoahidi kufukuza kila kitu. Vingi vya vidonge hivi vimetiwa dawa iitwayo fenilefrini ili kunywea uvimbe wa pua. Hapo awali dawa iliyotumika zaidi ilikuwa sudoefedrini, ambayo hakika hufanya kazi, ingawa hupandisha shinikizo la damu na kumkosesha mtu usingizi. Sudoefedrini ilipogeuzwa na wahalifu kuwa malighafi ya kupikia dawa za kulevya, Marekani ilipitisha sheria mwaka 2006 ya kuiweka nyuma ya kaunta, na makampuni mengi yakaijaza fenilefrini mahali pake. Kumbe dawa hiyo inapomezwa, sehemu kubwa huvunjwavunjwa tumboni na inini kabla haijafika puani. Mnamo Septemba 2023, jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilikata shauri kwa kauli moja kwamba fenilefrini ya kumeza haizibui pua kwa vipimo vinavyopendekezwa. Novemba 2024, mamlaka hiyo ikatoa pendekezo la kuiondoa katika orodha ya dawa zinazokubalika kwa kazi hiyo. Msomaji, hebu soma pakiti iliyo sandukuni mwako bwenini. Ikiwa jina hilo limo, basi ujue ulinunua nini.

Matone na dawa za kupuliza puani ni habari nyingine. Hizi, ambazo aghalabu huwa na oksimetazolini au zailometazolini, hufanya kazi kweli, tena upesi. Huibana mishipa ya damu, uvimbe ukanywea, na mtu akapumua kama aliyetoka kifungoni. Hatari yake imo katika utamu wake. Zikitumiwa mfululizo kupita siku chache, utando huzizoea; kila dawa inapoisha nguvu, uvimbe hurudi kwa kishindo, na mgonjwa huongeza tone juu ya tone. Wapo watu ambao mafua yao yalikwisha zamani lakini wamebaki watumwa wa kichupa, pua zao zikizibwa na dawa ile ile waliyoinunua ili izizibue. Mfamasia mwangalifu atakwambia usizidishe siku tatu hadi tano. Je, umeambiwa? Na kama imeandikwa, imeandikwa kwa lugha gani, kwa herufi za ukubwa gani?

Kubwa kuliko yote ni mazoea ya kumeza viuavijasumu. Katika mabweni ya vyuo vyetu hili ni jambo la kila muhula. Mmoja alipewa dozi ya ugonjwa mwingine, akapata nafuu siku ya pili, akahifadhi zilizosalia. Mwenziwe akiziba pua, anagawiwa vidonge vinne kwa moyo wa udugu. Ukarimu huo ni sumu. Viuavijasumu huua bakteria. Mafua huletwa na virusi. Ni sawa na kumpeleka mvuvi akalime, naye akaenda na nyavu zake. Hata hivyo dawa haiketi bure mwilini. Huwaua bakteria dhaifu na kuwaacha walio sugu wazaane. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya tangu mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba dawa ikitumiwa kwa kipimo pungufu itawafunza vijidudu kuihimili. Hatukusikia. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba vifo milioni 1.27 ulimwenguni mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Serikali ya Kenya ilitoa sera na mpango wa taifa wa kukabiliana na usugu huu mwaka 2017, na viuavijasumu vinatakiwa viuzwe kwa cheti cha daktari. Lakini sheria iliyo kwenye kabati haimzuii mwenye duka anayehofia kumpoteza mteja, wala haimzuii rafiki mwenye vidonge vinne mfukoni.

Baada ya kuyabomoa haya yote, sina haki ya kumwacha msomaji nje bila paa. Ni nini basi kinachofaa? Kifaacho ni rahisi, nacho hakina tangazo kwa sababu hakina faida ya kumtajirisha mtu. Ni maji ya chumvi. Chemsha maji nusu lita, yaache yapoe yawe vuguvugu, utie chumvi safi kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Hicho kinakaribia kiwango cha gramu 9 kwa lita, ambacho ndicho cha maji ya chumvi yanayotundikwa hospitalini kama dripu, na ndiyo sababu hayaiwashi pua. Inama juu ya karai, uyapitishe puani taratibu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au uyavute kidogo kutoka kiganjani, kisha uyaache yatoke. Yataondoa makamasi na ukavu, na unaweza kurudia siku nzima bila kuogopa uraibu. Waislamu wanakijua kitendo chenyewe, kwani kupandisha maji puani ni sehemu ya udhu; Wahindi nao wana chombo maalumu cha kazi hiyo. Sharti ni moja, nalo halina mjadala: maji yawe yamechemshwa. Katika maji baridi yasiyo ya chumvi, hasa ya maeneo ya joto, huweza kuishi amiba ambaye akinywewa hana neno, lakini akiingia puani hupanda hadi kwenye ubongo na karibu kila mara huua. Ni nadra, ila watu wamekufa hivyo, kwa mfano katika mji wa Karachi nchini Pakistan.

Zaidi ya hayo, ongeza mto mmoja uinue kichwa usiku. Kunywa vitu vya majimaji. Penga mwanzi mmoja kwa wakati mmoja, polepole, huku umeufunga mwingine, kwa maana kupenga kwa nguvu huyasukuma makamasi kwenye mapango ya uso na masikio. Nawa mikono, kaa mbali na mzee na mtoto, na kumbuka kwamba tangu mwaka 2020 pua iliyoziba yaweza pia kuwa mlango wa Korona. Kisha ngoja. Mafua hudumu siku 7 hadi 10 na kuondoka. Haraka haraka haina baraka, na hakuna mahali methali hii inapofaa kuliko puani.

Kungoja, hata hivyo, si kupuuza. Mtu anayeona dalili zimepita siku 10 bila nafuu, au zimepungua kisha zikarudi kwa ukali, au ana joto kali, maumivu makali ya uso au tabu ya kupumua, na aende hospitalini. Kwa mtoto mchanga uangalifu uwe maradufu, kwa kuwa katika miezi ya mwanzo yeye hupumua hasa kwa pua. Mdondoshee matone machache ya maji ya chumvi safi kabla ya kunyonya, umfyonze makamasi kwa kipira maalumu. Dawa za mafua za dukani asipewe bila daktari. Na umhesabie pumzi akiwa ametulia. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40. Ukiona hivyo, au kifua kikibonyea ndani kila avutapo pumzi, au amekataa kunyonya, usimngoje mtu. Hiyo si pua tena. Huenda ikawa ni nimonia.

Sasa nirejee kwetu. Haya yote niliyoyaeleza si siri za wataalamu. Yanajulikana, na mengi yamechapishwa. Ila yamechapishwa kwa Kiingereza, kwenye kijikaratasi kilichokunjwa mara nane ndani ya pakiti, mnunuzi asiweze kukisoma hata akitaka. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Viweke vifungu hivyo viwili bega kwa bega, kisha uniambie ni kwa nini mama wa Gikomba au wa Kongowea anauziwa kichupa cha matone bila sentensi moja ya Kiswahili inayomwambia akome siku ya tano.

Wapo watakaosema kwamba kazi hiyo ni ya Wizara ya Afya na watengenezaji wa dawa. Ni kweli, na waidaiwe. Lakini wao hawana msamiati, nasi tunao. Au tunadai kuwa nao. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO iitenge siku hiyo mwaka 2021, tunaiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa mashairi, ngonjera na hotuba. Tunajadiliana hadi usiku iwapo ni kirusi au virusi, kiuavijasumu au antibayotiki. Mijadala hiyo ina thamani yake, ila istilahi isiyofika kwenye kaunta ya duka la dawa ni sarafu isiyonunua kitu.

Wapo pia watakaosema dawa ya tatizo hili ni kuwakemea Wakenya waache kuyaita mafua homa. Mimi siafiki. Mama anayesema mtoto wake ana homa hahitaji somo la isimu saa nne za usiku. Anahitaji mtu atakayemuuliza swali la pili: "Ni homa ya joto au ni ya makamasi, mama?" Swali hilo ni fupi, halimdhalilishi, na laweza kuokoa maisha. Lingefaa lifundishwe kwa kila muuguzi na kila muuzaji wa dawa. Shuleni na katika vyombo vya habari tuendelee kulieneza neno mafua kwa upole, mpaka lishike.

Pendekezo langu kwa chama chetu basi ni hili. Mwaka huu tushirikiane na wenzetu wa vitivo vya udaktari na famasia, tuandike karatasi moja tu, upande mmoja, kwa Kiswahili chepesi: mafua ni nini, homa ni nini, maji ya chumvi hutengenezwaje, matone yakomeshwe lini, viuavijasumu havifai kwa nini, na mtoto akimbizwe hospitalini akiwa vipi. Wao wauhakikishe ukweli, sisi tuihakikishe lugha. Kisha tuibandike kwenye mabweni, zahanati ya chuo na maduka ya dawa yaliyo langoni. Gharama yake ni ndogo kuliko ya karamu moja ya chama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu, wapenzi wenzangu wa Kiswahili, umo katika nyumba yetu wenyewe.